Fimbo mkononi, siri sikioni: mwalimu mnasihi katika shule zetu

Shule nyingi za sekondari za serikali Tanzania zina mwalimu mnasihi, yaani wa kuwasikiliza na kuwashauri wanafunzi, angalau kwenye karatasi. Jina lake limebandikwa kwenye ubao wa matangazo, chini ya mwalimu wa taaluma na mwalimu wa nidhamu. Asubuhi anafundisha Biolojia kidato cha tatu, wiki hii ni mwalimu wa zamu, na mwanafunzi aliyechelewa namba akimwona getini anajua kinachofuata. Halafu jioni, baada ya vipindi, mwalimu huyo huyo anatakiwa amsikilize binti anayetaka kusema jambo la nyumbani ambalo hajamwambia hata mama yake.

Mjadala umekuwa ukizunguka swali moja: kazi hii ibaki kwa mwalimu, au serikali iajiri wanasihi waliosomea fani hiyo na wasiofundisha? Pande zote mbili zina hoja za kweli. Ila naona tumeng'ang'ania vyeti tukasahau fimbo.

Suala lenyewe si geni. Tangu mwaka 2002 Wizara ya Elimu ilishatoa waraka wa kuzitaka shule ziwe na huduma ya ushauri na unasihi. Baadaye ukaja mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, na madawati ya ulinzi wa mtoto yakaanza kufunguliwa shuleni. Mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, uliopata mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2020, nao una mpango wake wa Shule Salama, na mwalimu mnasihi aliyepewa mafunzo ni sehemu ya mpango huo. Kwa hiyo nyaraka zipo. Hata semina zimefanyika, posho zikalipwa.

Wanaotaka kazi ibaki kwa mwalimu wanaanza na hesabu. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, watoto waliongezeka kuliko madarasa na kuliko walimu. Mkuu wa shule mwenye mwalimu mmoja wa Fizikia kwa shule nzima, ukimwambia kuna nafasi moja ya ajira, atachukua mwalimu wa Fizikia, na sioni kosa lake. Hoja yao ya pili ni nzito zaidi: mwalimu anamjua mtoto. Anaona daftari lililoacha kuandikwa kuanzia Machi. Anajua nani hali mchana, nani analala darasani, nani kaanza kuja na simu ambayo mzazi wake hana uwezo wa kuinunua. Mtaalamu anayekaa ofisini akingoja mlango ugongwe hayaoni hayo. Tena watoto wetu wengi hawajazoea kwenda kumweleza mgeni shida zao. Huenda kwa shangazi, kwa bibi, kwa sheikh au mchungaji, na shuleni huenda kwa yule mwalimu mmoja ambaye wote wanajua ana moyo, awe ameteuliwa au hakuteuliwa.

Upande wa pili nao unajibu kwamba moyo bila ujuzi huumiza. Mtoto aliyebakwa hahitaji kuulizwa ulikuwa umevaa nini wala kuombewa na kurudishwa darasani. Anayezungumzia kujiua hahitaji hotuba kuhusu wazazi wanavyojinyima kwa ajili yake. Mwalimu aliyehudhuria semina ya siku chache, akarudi kwenye vipindi 28 kwa wiki na madaftari ya kusahihisha, atatumia alichonacho, na alichonacho mara nyingi ni mahubiri. Vyuo vyetu navyo vinatoa wahitimu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya elimu katika saikolojia, na wanaosomea ushauri na unasihi wapo. Wakifika kazini, wengi hukabidhiwa chaki na kipindi kama wenzao, unasihi ukabaki kazi ya ziada isiyokuwemo kwenye ratiba.

Mpaka hapo ningesema wote wamesema kweli, suala ni fedha, tusubiri bajeti. Lakini kuna jambo lisilohitaji fedha ambalo pande zote mbili hulipita haraka.

Kanuni za adhabu ya viboko, za mwaka 1979 zilizorekebishwa 2002, zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa, kwa mkono wa mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini ya maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Aliyesoma shule zetu anajua hali halisi. Fimbo iko mezani kwa kila mwalimu, na kitabu kinajazwa mkaguzi akikaribia. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano huko Bukoba alifariki baada ya kuchapwa, nchi nzima ikashtuka, kisha fimbo zikarudi mezani.

Sasa mchukulie mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekuwa mtoro siku nne. Sababu yake ni kwamba kondakta wa basi alilokuwa akipanda kwa nauli ya nusu amekuwa akimpeleka bure, na sasa anadai malipo ya namna nyingine. Akirudi shuleni, kwanza anakutana na adhabu ya utoro. Anayemchapa, au anayesimama pembeni akihesabu, ni mwalimu ambaye jina lake liko ubaoni kama mnasihi. Hata mwalimu huyo angekuwa na shahada mbili za saikolojia, binti hatasema neno. Atasema alikuwa anaumwa.

Watetezi wa fimbo watanikumbusha Kenya. Huko viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakaza marufuku hiyo, idara za ushauri nasaha zikategemewa zishike nafasi ya kiboko, na bado mabweni yaliendelea kuungua. Wimbi la moto lilipopamba mwaka 2021, Waziri wa Elimu wa wakati huo, George Magoha, alitaka kiboko kirudi. Hoja hiyo siidharau. Ila mwaka 1999, kiboko kikiwa bado halali, wanafunzi wa Nyeri High waliwachoma moto viranja wanne wakafa. Ninachokiona Kenya ni kwamba fimbo iliondolewa na pengo likabaki: mwalimu wa ushauri nasaha akapewa cheo cha mkuu wa idara huku akiendelea na mzigo ule ule wa vipindi. Kumnyang'anya mwalimu fimbo hakumfanyi awe mnasihi. Lakini kumwachia fimbo kunahakikisha hatakuwa.

Jambo la pili ni siri, na hapa mambo ni magumu kuliko wanaharakati wanavyoyaeleza. Wengi husema mnasihi atunze siri, basi. Lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yakaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Mnasihi anayeambiwa "nimekosa siku zangu" ameshapewa habari za jinai. Aliyempa binti mimba akiwa mwenye duka wa miaka 40, hakuna cha kujadili. Akiwa kijana wa darasa la jirani, naye mwanafunzi, mnasihi anabaki na watoto wawili mbele yake, na sheria haimsaidii kuchagua maneno.

Kuanzia Juni 2017, Rais Magufuli alipotamka kwamba msichana aliyezaa hatarudi shule ya serikali, hadi Novemba 2021 katazo lilipoondolewa na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo, kumweleza mwalimu habari ya mimba kulikuwa sawa na kujiandikia barua ya kufukuzwa. Haikuwa ajabu matroni, mlezi wa wasichana, kuwa ndiye anayewapeleka kupimwa mimba. Waraka umebadilika, ila kumbukumbu ya dada wakubwa haifutwi kwa waraka. Shule inayotaka wasichana waseme mapema, kabla hawajaanza kutafuta dawa za kienyeji au kutoroka, itabidi ionyeshe kwa vitendo kwamba aliyerudi na mtoto nyumbani hasemwi mstarini.

Ndiyo maana napenda mnasihi awaambie wanafunzi mipaka yake tangu siku ya kwanza. Haya nitayaweka moyoni. Haya, mtu akikuumiza, itanibidi niyapeleke mbele, na nitakuambia kabla sijayapeleka. Ni maneno ya dakika mbili. Mwanafunzi anayejua mpaka ulipo atachagua mwenyewe aanze na lipi. Kinyume chake ni lile sanduku la maoni tunalolikuta kwenye shule nyingi, limetundikwa nje ya ofisi ya mkuu wa shule, mbele ya macho ya walimu wote, na ufunguo wa kufuli anao mkuu huyo huyo. Malalamiko yakimhusu mwalimu, au yakimhusu mkuu mwenyewe, nani atayatumbukiza humo? Kuna namba 116 ya bure ya kuwasaidia watoto, na ni msaada mkubwa, lakini mwanafunzi wa bweni hana simu, na mwenye simu ya kuazima ni matroni.

Niseme kidogo kuhusu kazi ya mnasihi isiyo na machozi, maana tumeizoea kuizika. Machi 2024 TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, ilitangaza tahasusi (michepuo ya masomo) 65 za kidato cha tano, 49 zikiwa mpya, kukiwemo za michezo, sanaa na elimu ya dini. Mtaala mpya umeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, kando ya mkondo wa jumla, na mtoto anauchagua akiwa bado mdogo. Kijana wa shule ya kata anayejaza Selform, fomu ya kuchagua masomo, anajua PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) kwa sababu ya udaktari, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) kwa sababu ya uanasheria, na zaidi ya hapo anamfuata rafiki yake. Hapa mwalimu wa kawaida anatosha kabisa, akipewa taarifa sahihi na kipindi kimoja kwa wiki. Hahitaji shahada ya saikolojia kumweleza mtoto kwamba tahasusi fulani itamfungia mlango wa uhandisi. Na nadhani ndiyo njia rahisi ya kuwazoesha wanafunzi mlango wa mnasihi: aingie kwa ajili ya Selform, arudi siku nyingine kwa jambo zito, bila wenzake kunong'ona kwamba ana tatizo.

Kwa hiyo msimamo wangu hauangukii upande mmoja. Mwalimu mnasihi abaki, kwa sababu ndiye aliyepo na ndiye anayeona. Aondolewe zamu ya adhabu, asikae kwenye kamati ya nidhamu, apunguziwe vipindi, na apewe chumba ambacho mlango wake hautazamani na ofisi ya walimu. Juu yake awepo mtaalamu wa kata, mwenye shahada ya fani hiyo, anayezungukia shule za msingi na sekondari kwa siku zinazojulikana, na anayewajibika kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, si kwa mkuu wa shule yoyote. Kesi nzito zimfikie huyo, na hasa zile ambazo mtuhumiwa ni mwalimu.

Naijua kasoro ya pendekezo hili. Maafisa elimu kata walipewa pikipiki mwaka 2018 ili wazifikie shule, na ukiwauliza leo watakueleza ni siku ngapi wanaitwa kukusanya takwimu, kufuatilia michango na kuandaa ziara za viongozi. Mnasihi wa kata naye akigeuzwa mtu wa takwimu, tutakuwa tumeongeza jina moja kwenye ubao wa matangazo. Kinga pekee ninayoiona ni kuandika kwenye muundo wake wa ajira kazi ambazo haruhusiwi kupewa, kama ambavyo muuguzi wa zamu hatolewi wodini kwenda kupokea mgeni rasmi.