Kamongo Hafunikwi Kama Sufuria

Jumapili asubuhi, chai ikiwa bado mkononi, kijana wa jirani aligonga geti. "Dada, njoo umwangalie samaki wangu, hajisogezi." Nikajua ni yule kamongo. Na kabla sijavuka ua nilikuwa nimeshajua kilichomuua, kwa sababu siku ya Ijumaa alinieleza kwa furaha kwamba amepata kifuniko cha kioo kinachokaa sawasawa, nami nikampongeza. Sikumuuliza maji ameyaacha wapi. Hilo limenikaa moyoni wiki nzima.

Tanki lilikuwa limejaa hadi kwenye kioo, na juu ya kioo kuna jiwe. Kamongo mwenyewe, urefu wake kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, alikuwa ameinuka kwenye kona, pua imegandamana na kifuniko, mdomo wazi. Kwenye kioo, upande wa ndani, palikuwa na alama za ute, duara juu ya duara, kila mahali alipojaribu.

"Maji nilibadilisha, Dada. Pampu inafanya kazi. Amekufa na nini?"

Nikamwambia: amezama.

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Samaki anazamaje?

Anazama, ndugu zangu. Kamongo ana mapafu, na sisemi kwa mfano. Mapafu mawili, ya kuvutia hewa hii hii tunayovuta mimi na wewe. Matamvua anayo, lakini ni madogo na hayamtoshi. Kamongo mzima hupata karibu asilimia 90 ya oksijeni yake kutoka hewani. Kila baada ya muda lazima apande, atoe mdomo juu ya maji, avute, ashuke. Mzuie asipande, naye atakufa akiwa ndani ya maji safi kabisa, pampu ikitoa mapovu pembeni yake. Mapovu hayo ni ya samaki wengine. Yeye anataka nafasi tupu juu ya maji, shubiri nzima, basi. Haigharimu hata shilingi. Ni kuacha kumimina tu.

Ndiyo maana nimekasirika. Kijana huyu hakuwa mzembe. Aliyemtengenezea tanki alimwambia ajaze hadi juu ndipo lipendeze, akamwambia na kanuni zote za samaki wa dhahabu: chujio, pampu, chakula cha punje. Samaki wa dhahabu asili yake ni Uchina, na kanuni zake tunazijua kwa moyo. Kamongo yuko hapa Uganda, kwenye maziwa ya Victoria, Kyoga na Albert, na kwenye mabwawa ya mafunjo kila upande. Waganda wana ukoo mzima wenye jina lake, Mmamba, mmoja wa koo kubwa kabisa za Buganda, na watu wa ukoo huo hawamli. (Wasomaji wa pwani, mmamba huyu si mamba mnayemjua ninyi.) Aliyemuuzia, mvuvi wa Masese, kando ya ziwa hapa Jinja, angemweleza habari ya hewa kwa sentensi moja. Hakuna aliyemuuliza. Tunamwuliza mvuvi bei, tunaondoka.

Kifuniko chenyewe kilihitajika, hilo sitamnyima. Kamongo hutoka. Wangu, ninayemfuga mwaka wa sita sasa, aliwahi kusukuma ubao usiku akashuka sakafuni. Nilimkuta alfajiri nyuma ya gunia la makaa, amejaa vumbi kama muhogo uliotoka shambani, mzima, na nilipomshika alitaka kuning'ata. Samaki mwingine angekuwa ameshakauka. Basi funika, na uweke uzito, lakini funika kwa wavu wa waya.

Mengine ni mafupi. Mweke peke yake, maana mwenzake atampunguza mapezi na mkia hadi amtafune. Jua kwamba ziwani anaweza kufika mita mbili, kwa hiyo tanki la mezani ni la utotoni tu. Wangu nilimhamishia kwenye birika la saruji uani. Anapenda konokono, ana meno ya kuwaponda, na utasikia mlio kabisa. Ila konokono wa ziwani ndio wabebao kichocho, usiingie kuwaokota miguu mitupu kwa ajili yake.

Kuna wanaoniandikia kwamba samaki wa porini aachwe porini. Kwa shingo upande nakubali kwamba wana hoja, na Jumapili ile, mbele ya lile tanki, hoja yao ilikuwa na nguvu kuliko yangu. Lakini waje wawaulize watoto wa mtaa wangu hapa Jinja kamongo ni nini. Watasema ni vile vipande vyeusi vya sokoni, vilivyokaushwa kwa moshi. Hawajui kwamba dume huchimba shimo kwenye mafunjo akalinda mayai na watoto humo. Na mafunjo hayo yanafyekwa kila mwaka, watu wapande mpunga na kujenga, na sijaona mtoto akiulizia baba huyo atakwenda wapi.

Watoto hao hao wakija kwangu jioni hukaa ukingoni mwa birika na kunyamaza. Maji hutulia. Kisha kichwa kinapanda polepole, macho madogo, mapezi membamba kama kamba yakipapasa, mdomo unafunguka, na inasikika sauti ndogo, fup, kama mzee anayeonja uji wa moto. Kinashuka. Mtoto mmoja wa kike, darasa la tatu, aliwahi kuvuta pumzi pamoja naye na kuibana kifuani, akisubiri apande tena. Alishindwa, akacheka, akajaribu tena hadi mama yake akaja kumchukua. Huyo hutamwambia kwamba kamongo ni kipande cheusi.

Tulimzika yule wa jirani chini ya mgomba. Kijana hakusema mengi. Jana jioni amerudi, ameuliza kama nitamsindikiza Masese Jumamosi, na safari hii anataka kuongea na mvuvi mwenyewe. Nimemwambia nitakwenda. Lakini kwanza alete lile tanki kwangu, na nusu mita ya wavu wa waya, na kile kioo akiache huko huko.