Mzimu wa Goma haukai darini

Wiki hii nimesoma hadithi ya kutisha inayozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp hapa mjini. Aliyeiandika ni kijana wa Goma, na kalamu anayo. Lakini nyumba aliyotuwekea! Ghorofa tatu, moto wa kuota sebuleni, nyayo darini, ngazi ya kushukia chumba cha chini ya ardhi. Nani Goma anachimba chumba chini ya ardhi? Choo tu, kwenye jiwe la volkano, ni kazi ya mtaimbo hadi mikono itoke malengelenge.

Nyumba ile ni ya Uingereza. Tangu mwandishi Mwingereza Horace Walpole atoe hadithi yake ya kutisha ya ngome, The Castle of Otranto, mwaka 1764, wenzetu kule wamejengea hofu juu ya majumba ya urithi, ambamo babu hadi kitukuu wamefia chumba kimoja. Kwao inafaa. Haya, hata villa za Wabelgiji kando ya ziwa zinaweza kuibeba hadithi hiyo. Moja au mbili, basi.

Hofu yetu sisi inatoka chini ya miguu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo, volkano yetu, ilishuka hadi katikati ya mji, ikalipitia kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia ziwani. Watu wakarudi, wakajenga juu yake. Yapo majengo ambayo ghorofa ya juu ndiyo imekuwa ya chini, maana vyumba vya zamani vimejaa jiwe. Jamani, mtu analala juu ya sebule ya mwenzake!

Na mazuku je? Gesi ile inapanda kwenye nyufa, ni nzito kuliko hewa, inatulia mabondeni, haina rangi wala harufu. Usiku usio na upepo inajaa. Mbuzi anaanguka, mwenyewe anainama kumwinua, naye habanduki pale. Sasa iingize kwenye nyumba ya mbao iliyojengwa bondeni: mama yuko kitandani, mtoto kwenye mkeka. Kunapambazuka, mama anaita, haitikiwi.

Wapo watakaosema tumeteseka vya kutosha. Nawaelewa, hasa waliokimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, usiku wa 22 Mei 2021 volkano ilipolipuka tena. Lakini hofu hii tunayo tayari, na nani ataiandika kama si sisi?

Mdogo wangu, iandike upya. Iweke mitaani kwetu, Birere au Himbi, nami nitaisoma usiku huohuo.