Mzee ana kopi yake, shangazi hana yake

Wiki iliyopita tulikaa kikao cha ukoo kule wilayani Muleba, Kagera, kuhusu kibanja, yaani shamba, ambacho babu alimwachia shangazi. Shangazi ni mgonjwa, anataka kuuza kipande ajitibu. Kabla hajamaliza kueleza, mzee mmoja akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, kopi ya kopi, maandishi yamefifia na mhuri mweusi pembeni. Juu kuna mtu aliandika kwa kalamu: Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, kanuni ya 20. Ndilo lililoandika kanuni za mila za urithi. Chini akaweka tafsiri yake mwenyewe: mwanamke hurithi, ila ardhi ya ukoo ataitumia tu, asiuze.

"Hayo si maneno yangu," akasema mzee. "Ni ya serikali."

Watu kimya. Shangazi naye kimya, na ndiye niliyemtazama muda wote.

Jibu nilikuwa nalo. Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kesi iliyotoka wilaya hii hii. Mwanamke alikuwa amerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akaenda Mahakama ya Mwanzo, akashinda. Mahakama ya Wilaya ikampa mwanamke ushindi, mpwa akakata rufaa Mwanza. Jaji akasema haki za binadamu zimeingia kwenye Katiba tangu 1984, kwa hiyo kanuni ya 20 haiwezi tena kusomwa ilivyoandikwa: mwanamke anarithi na kuuza kama mwanamume.

Nikaitafuta kwenye simu. Ikafunguka, kwa Kiingereza. Nikaanza kuitafsiri mbele ya wazee, nakwama, narudi nyuma, natafuta neno. Mzee akanisikiliza kwa upole kabisa, kisha akasema: "Mwanangu, hayo ni ya kwenye simu. Hii ina mhuri."

Nimelala na maneno hayo siku kadhaa. Karatasi mbili za sheria ya nchi moja. Moja ilifika kijijini ikazeeka mifukoni mwa watu. Nyingine ina miaka zaidi ya 30 na bado haijafika hata kwa ukoo wa jirani wa yule mama aliyeshinda kesi.

Sababu naiona hivi. Kanuni za 1963 zilikusanywa kwa makusudi. Serikali changa ilitaka mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba ziwe kitu kimoja kinachosomeka, ikajenga juu ya kazi ya Hans Cory, aliyekuwa akikusanya mila tangu enzi za mkoloni. Mila iliyokuwa ikibishaniwa chini ya mgomba ikapewa namba. Baba aliyempenda binti yake zamani aliweza kusimama mbele ya wenzake akamtetea, akashinda au akashindwa. Ukishaandika namba 20, huyo baba anabishana na nani? Waliokusanya walihifadhi mila, sawa, nawashukuru kwa hilo. Lakini walihifadhi sauti za wazee wa kiume, na shangazi zetu wamekaa humo kama mali inayojadiliwa.

Wajane wawili walijaribu kuzifuta kanuni hizo mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakiri kwamba zinabagua, halafu ikasema mahakama haiwezi kubadili mila. Mwaka 2010 rufaa yao ikatupwa kwa kasoro ya tarehe kwenye amri. Tarehe! Ikabidi waende Umoja wa Mataifa, na kamati inayosimamia haki za wanawake ikawapa haki mwaka 2015.

Najua kazi imefanyika. Hukumu ziko mtandaoni bure, na miaka ya nyuma hilo halikuwepo. Kiswahili kimekuwa lugha ya mahakama tangu marekebisho ya 2021. Toleo la Urekebu la sheria zetu, yaani sheria zilizochapwa upya pamoja na marekebisho yake, lilizinduliwa Dodoma Aprili 2025. Nakubali yote hayo. Lakini hukumu za zamani zilizobeba haki za watu bado ziko kwenye Kiingereza cha mawakili, na kanuni ya 20 bado inatembea peke yake.

Ninachotaka ni kidogo. Popote kanuni ya 20 inapochapwa, chini yake iwekwe hukumu ya Mwanza, kwa Kiswahili, yenye mhuri wa mahakama. Ibandikwe kila Mahakama ya Mwanzo ya Kagera. Mtendaji wa kijiji awe nayo kwenye faili, asiiombe kwa mtu mwenye simu kubwa.

Kikao kimeahirishwa hadi Jumamosi. Nimeitafsiri hukumu nzima kwa usiku tatu, mwalimu mmoja wa sekondari amenisahihisha. Nimetoa nakala 15. Ya shangazi nimeichapa kwa herufi kubwa, maana macho yake hayaoni vizuri, na nimemwomba asome yeye, si mimi.