Biti 8 au 16 kwa Negativu za Zamani

Lamu kuna nyumba ambazo maboksi ya negativu, zile filamu ambazo mwanga na giza vimegeuzwa, yamekaa kabatini miaka na miaka yakiliwa na hewa ya chumvi, na kila anayeanza kuziingiza kwenye kompyuta hukutana na swali hili: skana iwekwe biti 8 au 16? Biti 8 hutoa viwango 256 vya mwanga kwa kila rangi, kuanzia weusi hadi weupe. Biti 16 hutoa 65,536. Kwa hesabu hiyo pekee mjadala ungekwisha, lakini wanaotetea biti 8 wana hoja.

Wao husema kwamba chembechembe za filamu, pamoja na chenga za skana yenyewe (nukta za ovyo zisizotoka kwenye picha), huvuruga mipaka ya viwango hata jicho lisiione, na kwamba picha itakayoishia kwenye simu itahifadhiwa kama JPEG, ambayo kwa kawaida ni ya biti 8. Kuna pia suala la nafasi. Fremu ya rangi ya milimita 35 iliyoskaniwa kwa nukta 4,000 kwa inchi huchukua takriban megabaiti 64 kwa biti 8, na 128 kwa biti 16.

Nakubaliana nao kwa picha ambayo haitaguswa tena, ila negativu haitoki kwenye skana ikiwa tayari. Ninayo moja ya mtaa wa Mkomani: bibi ameketi barazani, jua la saa saba limeupiga ukuta wa chokaa, nyuma yake mlango wa nakshi umezama kivulini, na juu kimebaki kipande cha mbingu. Toni zake, yaani ngazi za mwanga na giza, zilijibana katika thuluthi ya kipimo: kwa biti 8, viwango kama 85 tu kati ya 256. Nilipoigeuza na kuzivuta toni zijaze kipimo kizima, mbingu ilikatika mistari mistari, kama alama zinazoachwa na maji kwenye ngazi za gati yanapokupwa. Kwa biti 16 thuluthi hiyo hiyo ina viwango zaidi ya 21,000, na mbingu ilitulia.

Lakini kina cha biti sicho upeo wa toni, ingawa matangazo ya skana huvichanganya. Upeo ni kimo cha ghorofa, biti ni idadi ya vidato vya ngazi, na kuongeza vidato hakuipandishi ghorofa. Upeo hupimwa kwa densiti, kipimo cha jinsi filamu inavyozuia mwanga: 3.0 ni uwiano wa 1,000 kwa 1, na 3.6 ni karibu 4,000 kwa 1. Weusi mzito wa slaidi, filamu ambayo picha yake haikugeuzwa, huishinda skana dhaifu, na kilichomo kivulini hurudi kikiwa chenga tupu, tena chenga zilizopimwa kwa uangalifu wa biti 16! Negativu haifiki densiti hiyo, hivyo skana ya kawaida huimudu. Inachokosa ni vidato.

Kwa hiyo mimi huskani kwa 16, hurekebisha toni, kisha hutoa nakala ya 8 ya kugawa kwa jamaa. Nakshi za mlango wa bibi, hata hivyo, hazikurudi kwa biti zozote, kwa sababu mahali pale filamu iko wazi kabisa: mwanga uliotoka kivulini haukutosha kuacha alama.