Kisu kisubiri picha?

Kinyama kimechukuliwa kwenye titi la mama, majibu yamerudi: kansa. Wanawe wanataka akatwe wiki hii hii. Daktari anasema ngojeni, tutazame kwanza kama imesambaa.

Daktari ana sababu. Saratani ya titi hukimbilia mifupa, mapafu, ini na ubongo, na ikishafika huko, kukata titi hakuitoi mwilini. Utafiti wa Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai, uliochapishwa mwaka 2015, haukuona wagonjwa wa namna hiyo waliokatwa wakiishi zaidi ya wasiokatwa. Wamarekani nao walitoa majibu kama hayo mwaka 2020. Waturuki walipata matokeo tofauti kidogo, kwa hiyo mabishano hayajaisha. (Kidonda kinachovuja damu na kunuka ni habari nyingine, hapo kisu kinampa mgonjwa nafuu.)

Ila kumpima kila mtu nako kuna hasara. Tangu mwaka 2012 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kinashauri kwamba mwenye saratani changa ya titi, asiye na dalili, asipelekwe CT wala PET (mashine za kupiga picha za ndani ya mwili mzima) wala skani ya mifupa. Ni nadra kukuta imesambaa, na mashine huona mengi yasiyo kansa. Kwetu ni zaidi: kovu la kifua kikuu cha miaka ya nyuma linaweza kudhaniwa kansa ya mapafu, na TB hai huwaka kwenye PET. Hapo kinachukuliwa kinyama kingine, bili nyingine, wiki nyingine.

Ushauri huo tusiubebe mzimamzima. Uliandikwa kwa nchi ambako uvimbe mwingi hugunduliwa ungali mdogo. Tanzania na Kenya wengi hufika hatua ya tatu, uvimbe ukiwa umeshakua, au ya nne, kansa ikiwa imeshasambaa. Tena mgonjwa wa hatua ya tatu kwa kawaida huanza na dawa, upasuaji ukafuata. Haraka ya wanawe ya kumpeleka tiata haimsaidii.

Kwa maoni yangu, uvimbe mdogo, kwapa halina mitoki, mifupa haiumi, hakuna kikohozi: akatwe. Wengine wapimwe kwanza, na pasipo CT, eksirei ya kifua na utrasaundi ya ini si haba. Familia nayo imuulize daktari: majibu yakitoka mabaya, mpango utabadilika? Kama haubadiliki, hela ibaki mfukoni.

Kuna jambo ambalo miongozo ya Marekani na Ulaya haina haja ya kuligusa. Mitaani watu wanaamini kansa ikiguswa na kisu ndipo inasambaa. Mama akikatwa bila kupimwa, miezi miwili baadaye ini likakutwa na madoa ya kansa, kisha akafariki, nyumba nzima itasema daktari ndiye aliyeitawanya. Madoa huenda yalikuwepo tangu mwanzo, lakini hakuna picha ya kuwaonyesha. Na jirani mwenye uvimbe kama ule, aliyekuwa msibani akisikiliza, hatakanyaga hospitali.