Moto Tunaouwasha kwa Kuogopa Maradhi

Nyumba ya shangazi yangu kule Kano, kaunti ya Kisumu, si mbali na mashamba ya mpunga ya Ahero, ina ufa unaoizunguka nzima. Ni ule mwanya ambao mafundi wa zamani waliuacha makusudi kati ya kichwa cha ukuta na bati, upana wa kiganja, ili nyumba ipumue. Mvua ikinyesha jioni na jiko la nje likalowa, mafiga huhamia ndani. Moshi wa kuni mbichi hupanda, hujikunja chini ya bati, kisha hujitafutia njia pale juu. Giza likishaingia, mbu huja kwa mlango huohuo, maana mbu wa malaria hupenda sana kuingia nyumba kwa juu, chini ya paa.

Mhudumu wa afya ya jamii alimshauri auzibe. Akauziba kwa magunia na udongo. Mbu wakapungua, moshi ukabaki ndani naye. Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta, ila aliyetunga methali hiyo nadhani hakuwa akipikia ndani.

Niliikumbuka nyumba hiyo katika kikao cha kutoa maoni kuhusu bajeti mjini Kisumu. Kijana mmoja alisimama akataka zitengwe fedha za mitambo ya kupima hewa, iwekwe Obunga, Kondele na kila penye jaa la taka. Mama mmoja, muuguzi aliyestaafu, akamjibu kwa upole: "Mwanangu, hewa hiyo utaipima ukiwa hai. Kwanza tumalize malaria na kipindupindu." Ukumbi ukacheka, na hoja ya kijana ikafia hapo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwapima wawili hawa, na kila nikidhani nimempata mshindi, mwingine ananirudisha nyuma.

Nianze na yule mama, kwa sababu ndiye aliyeshinda ukumbini na hakushinda kwa mzaha tu. Uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa 2020 ulikuta vimelea katika damu ya watoto 19 kati ya kila 100 wa ukanda wa ziwa, wenye umri wa miezi sita hadi miaka 14. Kwa nchi nzima walikuwa 6. Mwaka 2015 ukanda huu ulikuwa na 27, kwa hiyo mteremko upo, ingawa bado tumewaacha mbali Wakenya wenzetu kwa jambo ambalo si la kujivunia. Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa nchini Septemba 2019, kaunti nane zilizochaguliwa zote zilikuwa za huku kwetu, Homa Bay ikitangulia. Serikali haikuhitaji ramani ngumu kujua pa kuanzia.

Tena ana kitu ambacho kijana hakuwa nacho: ushahidi uliopatikana nyumbani. Katika miaka ya tisini, kule Asembo na Gem kaunti ya Siaya, watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na wenzao kutoka Marekani waligawa neti zilizotiwa dawa kwa vijiji vilivyochaguliwa kwa kura, vingine vikasubiri zamu. Vifo vya watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi chini ya miaka mitano, vya sababu zote kwa jumla, vikapungua kwa asilimia 16. Ukimkabidhi muuguzi yule shilingi, anaweza kukuonyesha ilikokwenda. Malaria ina kipimo: tone la damu, robo saa, jibu liko mkononi. Kila mgonjwa huandikwa kitabuni zahanati, na kile kilichoandikwa ndicho hupata fedha mwaka unaofuata.

Moshi hauandikwi. Sijawahi kuona cheti cha kifo kinachotaja moshi. Mtu hufa kwa kiharusi, kwa moyo, kwa nimonia, kwa "kifua". Nenda Obunga uwatazame akina mama wanaokaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kutoa minofu ya kuuza nje. Karai liko juu ya moto wa kuni tangu asubuhi, mama ameinama juu yake, mtoto yuko mgongoni, na mafuta yanayoungua yanachoma macho hata ya mpita njia. Anayeishi miaka 20 kazini hapo akipatwa na shinikizo la damu au akianza kupumua kwa taabu, kadi yake itasema shinikizo au pumu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, zaidi ya 237,000 vikiwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Kwetu si jambo la wachache: sensa ya 2019 ilikuta asilimia 55 ya nyumba za Kenya zikipikia kuni, na zaidi ya moja kati ya kumi makaa. Kiwango ambacho shirika hilo linapendekeza kisizidiwe kwa wastani wa mwaka ni mikrogramu 5 za chembechembe laini kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Jiko la kuni lililofungiwa ndani hufikisha mamia.

Kwa hiyo kijana naye ana haki. Ila nikikomea hapo nitakuwa nimemwonea yule mama, kwa maana hiyo milioni 3.2 haikuhesabiwa kama malaria inavyohesabiwa. Imekokotolewa: unakadiria watu wanavuta moshi kiasi gani, unakadiria moshi huo huongeza ugonjwa kwa kiasi gani, unazidisha. Ni hesabu halali na inafanywa na watu makini. Hata hivyo, hesabu ya namna hiyo huomba ijaribiwe, na ilipojaribiwa majibu hayakuwa matamu.

Malawi walizipa familia za vijijini majiko bora yenye feni, watoto zaidi ya 10,000 wakifuatiliwa. Matokeo yakatoka 2016: nimonia haikupungua. Watetezi wa majiko wakasema, pengine kwa haki, kwamba jiko bora bado ni jiko la kuni, na majirani wanaendelea kuchoma taka. Ukafanywa mradi mwingine katika nchi nne, Rwanda jirani yetu ikiwemo, na safari hii wajawazito wapatao 3,200 wakagawanywa kwa kura, nusu wakipewa gesi bure. Moshi ulipungua kwelikweli, kutoka takriban mikrogramu 70 hadi 24 katika hewa wanayovuta akina mama hao. Ripoti ya 2022: uzito wa watoto waliozaliwa haukubadilika. Ripoti ya 2024: nimonia kali ya wachanga nayo haikupungua.

Nilipozisoma ripoti hizo mara ya kwanza nilikasirika, kama mtu aliyeambiwa kwamba kisima alichokichimba hakina maji. Baada ya hasira kuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, majaribio hayo yalimtazama mtoto mchanga kwa miezi, ilhali moshi humla mtu mzima kwa miongo: mapafu, moyo, hata mtoto wa jicho. Ripoti ya kichanga wa mwaka mmoja haimhusu mama wa Obunga mwenye miaka 50. La pili, ambalo watetezi wa hewa safi hawapendi kulisikia, ni kwamba kwa ajili ya uhai wa watoto wadogo wa mwaka huu, neti na chanjo bado zinaushinda mtungi wa gesi kwa kila shilingi. Anayelikana hilo mbele ya muuguzi aliyefanya kazi wodi ya watoto anajitafutia aibu.

Hapo ningeweza kumpa mama ushindi. Kinachonizuia ni swali ambalo halikuulizwa kikaoni: moshi huu tunauwashia nini?

Sehemu yake ni chakula, bila shaka. Lakini hesabu mioto mingine. Jioni, samadi kavu au majani huwashwa mlangoni kufukuza mbu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2007 hayakupata ushahidi kwamba moshi wa aina hiyo humkinga mtu na malaria, ila nani atamwambia nyanya yako? Mjini, ile dawa ya mbu iliyozungushwa kama konokono huwashwa chini ya kitanda usiku kucha. Uchunguzi mmoja wa 2003 ulikuta kwamba koili moja hutoa chembechembe laini sawa na sigara 75 hadi 137, kutegemea aina. Mama asiyemruhusu baba avute sigara sebuleni huwasha pakiti kadhaa kando ya mtoto kwa nia njema kabisa.

Njoo kwenye taka. Shuleni tulifundishwa kwamba takataka zichomwe au zifukiwe, na Nyalenda, mtaa wetu mwingine wa Kisumu, hakuna pa kufukia. Mlundo usiochukuliwa huleta nzi, panya na mitaro iliyoziba, na msimu wa mvua ukifika kila mtu anawaza kipindupindu. Basi unachomwa, pamoja na karatasi za nailoni, matairi na nepi. Kachok, jaa lililokaa miaka mingi jirani ya uwanja wa Moi, lilifuka moshi hivyohivyo, na Gioto kule Nakuru wakazi wanaijua hadithi hiyohiyo. Kisha maji: ushauri wa kwanza wa kila mlipuko ni kuchemsha maji ya kunywa. Kwa familia inayopikia makaa huo ni moto wa ziada kila siku, na gharama ya ziada, ndiyo sababu wengi huchemsha wiki mbili wakaacha.

Yaani sehemu ya moshi ambao kijana anataka kuupima imewashwa na hofu ambayo mama anaitetea. Kuziweka hatari hizi mbili katika safu mbili za bajeti, kisha kuuliza ipi inaua zaidi, ni kumwuliza shangazi yangu achague kati ya ukuta na bati. Na kifua kikuu tukikiongeza, ambacho hupenda hewa iliyosimama, ule mwanya aliouziba unageuka kesi ya pande tatu.

Kwa hiyo ningepiga kura hivi. Neti na chanjo zisiguswe hata senti. Mitambo ya kupima hewa, miwili mitatu inatosha kwa sasa; Obunga haihitaji namba ndipo ijue inakohoa. Fedha za ziada ziende mahali zinapoondoa moto na ugonjwa kwa pamoja: lori la taka linalofika Nyalenda kwa ratiba, na klorini kisimani, kama visanduku vya bomba vya kutolea dawa hiyo ambavyo Busia wamevizoea, badala ya kuhubiri kuchemsha. Klorini ina harufu watu hawaipendi, najua, na kisanduku kisichojazwa ni pambo. Suala la gesi ni la serikali kuu Nairobi zaidi kuliko la kaunti: VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 iliyorudishwa Julai 2021 ilipunguzwa hadi 8 mwaka uliofuata na kuondolewa 2023, na hilo lilifanya kazi ambayo semina elfu moja zisingeweza.

Na kwa nyumba zenye mwanya, wavu wa waya badala ya gunia. Wavu huzuia mbu na kuachia moshi, mradi mtu akumbuke kuupangusa, maana masizi huziba matundu yake. Si kazi ya ajabu kwa fundi. Ni gharama tu, na kwa shangazi gharama hiyo inashindana na karo.

Nilimtembelea mvua zilipokaribia kwisha. Alikuwa amebomoa magunia upande wa mafiga na kuyaacha upande wa kitanda. Nikamwuliza, sasa mbu watazuiwa na nini? Akaniashiria neti iliyofungwa juu ya kitanda, aliyopewa bure kliniki. Ilikuwa nyeupe alipoileta. Sasa ni rangi ya chai ya maziwa.