Geuza plagi uone mgongo wake kabla hujaongeza diski

Pawa saplai ya kompyuta, kisanduku kinachogawa umeme ndani yake, ikiishiwa plagi za SATA, zile bapa za kulisha diski, dukani utauziwa spliti, waya wa kugawa umeme. Spliti sizikatai. Ninazozikataa ni zile ambazo kichwa cha SATA kimemiminwa plastiki kikawa kipande kimoja, na mafundi wetu wa Mtwara na Lindi waache kuzifunga kwenye mashine za watu.

Geuza plagi. Ya kumiminwa ina mgongo laini, nyaya zimezama ndani. Wakati wa kumimina, nyaya huweza kusogea, ule wa njano wa volti 12 ukakaribiana na mweusi wa kurudisha umeme, na kwa nje hujui. Itafanya kazi hata miezi. Kisha umeme unavuja kidogo kidogo, plastiki inaungua na kuwa mkaa, na mkaa wenyewe unapitisha umeme. Saplai inayomudu ampea 30 kwenye volti 12 haitazima kwa ampea 8 zinazochoma plagi. Kwake huo ni mzigo wa kawaida. Plagi inayofaa kununua ina kifuniko cha kubana mgongoni, na kila waya una mfereji wake.

Halafu hesabu. SATA ina pini 3 za volti 12, kila moja ampea 1.5, jumla 4.5. Diski ya kuzunguka (hard disk) ya inchi 3.5 ikianza kuzunguka huvuta karibu ampea 2. Kwa hiyo plagi moja ya SATA igawe kwa diski mbili, basi. Studio za video za harusi hupenda kubandika nne, na umeme ukikatika ukarudi zote huanza kuzunguka kwa pamoja. Kama saplai ina Molex, plagi ya zamani ya pini nne, gawia hapo, pini zake ni nene. SSD, diski isiyozunguka, ya inchi 2.5 hutumia volti 5 na haina uzito huo. Kadi ya picha usiilishe kwa SATA kabisa.

Kompyuta nyingi za mtumba za ofisini hutoa umeme wa diski kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Hapo usizidishe idadi ya diski iliyokusudiwa kiwandani.

Kabla ya kufunga, chomoa waya wa ukutani. Sukuma plagi hadi mwisho, na usiukunje waya shingoni ili tu mfuniko wa kesi ufunge. Nakili mafaili makubwa kwa saa moja, zima, chomoa ukutani tena, kisha gusa plagi. Vuguvugu ni sawa. Ikiunguza kidole, toa. Pwani hii upepo wa chumvi hula pini, na pini yenye kutu hupata moto hata kwa mzigo mdogo, kwa hiyo rudia kukagua kila baada ya miezi michache. Ukiona rangi ya kahawia kwenye plastiki nyeupe, ikate waya kabisa kabla ya kuitupa, mwingine asije akaiokota.